Anayelea wengine naye apewe nusu saa yake

Mhariri,

Nakuomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa kifuani, na nikiwaambia watu mmoja mmoja mlangoni kwao naona halifiki mbali. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kisauni, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, na tangu serikali ilipotupa mashine za kupima presha na sukari mwaka 2023 nimeanza kuona kwa nambari kitu ambacho zamani nilikuwa nakihisi tu. Watu wetu wamechoka. Na aliyechoka zaidi kwenye nyumba mara nyingi si yule mgonjwa niliyekuja kumuona, ni yule anayenifungulia mlango.

Siku hizi ukimfunga mama mkanda mkononi, kabla mashine haijamaliza kuvuta ashaanza kukupa habari zake, mara karo, mara landlodi amekuja tena, mara mtoto wa kiume analala mchana usiku hayupo, mara mzee wa nyumba hana kazi tangu makontena yapelekwe kwa treni na malori yakapungua. Nambari zinakuja juu. Nikimwambia anyamaze, akae dakika tano miguu chini, mgongo umeegemea, halafu nipime tena, kuna wanaoshuka na kuna ambao hawashuki, na hao ambao hawashuki ndo nawaandikia karatasi waende zahanati.

Mhariri nataka wasomaji waelewe mwili unafanya nini hapo manake wengi wanafikiri stresi ni mambo ya kichwani tu. Ukiingiwa na wasiwasi mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, ini linatoa sukari linaitia kwenye damu, na yote hayo ni ili upate nguvu ya kukimbia au kupigana. Sasa deni halikimbiwi. Mtu anabaki amekaa pale pale kibarazani na ile sukari na yale mapigo, kesho tena, kesho kutwa tena, mabega yamepanda masikioni, meno yameumana, usingizi hakuna. Misuli ikitembea ndo inaichukua ile sukari kwenye damu ikaitumia. Kwa hivyo ninaposema mtu atembee sisemi mambo ya urembo wala kupunguza tumbo, nasema umalizie ile kazi ambayo mwili wako umeianza na haukupata pa kuimalizia.

Lakini ukitaja mazoezi watu wanafunga masikio. Nawaelewa. Picha zote wanazoziona, kwenye simu na hata magazetini, ni za vijana wa jim wana vifua, au wakimbiaji wetu wa Iten, na mama wa miaka 55 ana uzito wake na goti lake linalouma anasema hayo si yangu. Kuna na hii habari ya hatua elfu kumi kwa siku inayowatisha watu bure, wakati asili yake si hospitali yoyote, ilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Ni nambari nzuri ya kibiashara. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, hiyo 150 ukiigawa ni kama dakika ishirini na kitu kwa siku, na jambo zuri zaidi wakaondoa lile sharti la zamani kwamba lazima uende dakika kumi mfululizo ndo ihesabike. Sasa hata dakika tatu ni dakika tatu. Na wakasema waziwazi kwamba mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye ulemavu, wote wamo. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo huhitaji saa wala mashine ya kukupimia.

Nina nyumba moja naizungukia, sitasema mtaa, mama pale anamlea mama mkwe aliyepigwa na kiharusi upande mmoja. Saa kumi ya alfajiri yuko kwenye karai anachoma mahamri ya kuuza, akimaliza anamgeuza bibi, anamuosha, anamlisha, anafua, anapika, watoto wanarudi, anamgeuza tena bibi. Siku nilipomtajia mazoezi aliniangalia akanambia, "Dada, mimi tangu niamke sijakaa, hayo mazoezi mengine ni yapi?" Na ana haki kabisa ya kuuliza. Kazi za nyumbani zinahesabika, hilo nilimwambia, asijione mvivu hata siku moja. Lakini mwili wake siku nzima uko kwenye mkunjo mmoja, kiuno kimeinama, mikono mbele, pumzi fupifupi, na masikio yako chumbani yanasikiliza bibi asianguke. Misuli ile ile inavutwa kila siku, mingine haiguswi kabisa, na akili haipati hata dakika moja ambayo hakuna mtu anayemuita. Anachokikosa ni mwendo ambao ni wake, usio na mzigo wala haraka.

Na hapa ndo nafikia jambo langu lenyewe. Tunawaambia wanawake jijali, pumzika, jipende, maneno matamu, halafu tunawaacha na bibi kitandani na sufuria jikoni. Atajijali saa ngapi? Nani atashika pale akitoka? Mtu hawezi kujitunza ndani ya nyumba ambayo hakuna anayempokea mzigo hata kwa muda mdogo. Kwa hivyo mimi siku hizi nikiingia nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu siongei na mlezi peke yake, namuita mume, nawaita watoto wakubwa, namuita wifi kama yuko karibu, nawauliza mbele yake, nusu saa ya huyu kila siku mtaitoa wapi? Kule kwa mama wa mahamri jibu lilikuwa kijana wao wa sekondari, akirudi baada ya alasiri anakaa na bibi yake, anamsomea, anampa maji, na mamake anavaa raba anatoka. Mume mwanzoni alisita, akasema majirani watasema mkewe anazurura. Nikamwambia mzee, huyu akianguka yeye mtakuwa na wagonjwa wawili na hakuna wa kuwaosha. Alinyamaza sana, kisha akasema sawa. Na namheshimu kwa hilo manake si rahisi mwanamume kukubali jambo kama hilo mbele ya mgeni mwenye begi.

Wanaume nao wasifikiri nimewasahau. Wenye kazi za kukaa ndo nawaonea huruma zaidi, dereva wa matatu, dereva wa tuktuk, askari wa geti, fundi cherehani. Kuna daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London na mwaka 1953 akachapisha alichokiona, kwamba madereva waliokaa kutwa nzima walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi lile lile, barabara ile ile, tofauti kubwa ni miguu. Mimi kila nikipanda matatu ya kwenda mjini namuangalia dereva na makanga wake nakumbuka habari hiyo. Dereva akifika steji anabaki kwenye kiti na simu yake mpaka gari ijae. Ashuke jamani, alizunguke gari lake mara kadhaa, anyooshe mgongo, gari likijaa atapanda. Na wale vijana wanaotafuna muguka wasilale ili wapige tripu zaidi, mwaka 2024 kaunti ilijaribu kuupiga marufuku mambo yakaishia kortini, mimi si wakili siingii huko, nasema tu moyo unaosukumwa na stresi huku unasukumwa na muguka kule unabebeshwa mara mbili.

Sasa watu huniuliza nifanye nini hasa, nianzie wapi. Naanza na pumzi manake haina gharama na hata ukiwa na bibi mkononi unaweza. Vuta hewa kwa pua pole pole, tumbo lijae, halafu itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Siri iko kwenye kutoa, moyo hupunguza kasi kidogo kila tunapotoa pumzi, ndo maana pumzi ndefu ya kutoka inamtuliza mtu. Fanya ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, fanya ukisubiri maji ya mfereji, hakuna atakayejua.

Halafu kiti. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, simama bila kujisukuma na mikono kama unaweza, kaa tena taratibu usijidondoshe, rudia mpaka mapaja yaseme basi. Hilo peke yake ni zoezi la maana sana kwa watu wazima, manake mtu mzima akishindwa kuinuka mwenyewe chooni ndo unyonge unapoanzia. Halafu ukuta, weka viganja ukutani, rudi nyuma hatua moja, inama kuelekea ukutani kwa mikono kisha jisukume. Halafu shika ukuta huo huo upandishe visigino na kuvishusha, ile misuli ya shavu la mguu ndo inayosukuma damu irudi juu, na waliosimama jikoni kutwa miguu ikavimba wataona faida yake. Waliopita miaka 65 waongeze kusimama kwa mguu mmoja huku wameshika kitu, siku tatu au zaidi kwa wiki mambo ya mizani ya mwili, hiyo nayo imo kwenye maagizo ya 2020, ni kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Hivi vyote vinafanyika chumbani, na dera lako, mlango umefungwa.

Usiku kwa wale ambao usingizi unakataa kuna jambo la Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alilifundisha karibu miaka mia iliyopita na linafaa mpaka leo. Lala chali, kaza nyayo kwa nguvu kidogo sekunde chache, ziachie. Kaza mashavu ya miguu, achia. Mapaja, tumbo, ngumi, mabega, uso, hivyo hivyo mpaka juu. Wengi hawajui kama wamejikaza mpaka waachie. Nimelifundisha kwa walezi wanaolala chumba kimoja na mgonjwa manake wao hawawezi kutoka usiku, na wengi wananambia hawafiki usoni, usingizi unawachukua kwenye mabega.

Kutembea sasa, na hapa tuseme ukweli wa Mombasa. Kwanza joto. Wakati wa kaskazi, hasa Januari mpaka Machi, mtu asitoke saa tano ya asubuhi akasema anafanya mazoezi, atajiumiza, ni baada ya alfajiri kukishapambazuka au jua likishalala. Kusi ikiingia kunakuwa na ubaridi kidogo unaweza kujiongezea muda. Maji ya kunywa yawe karibu. Wa huku kwetu wana bahati ya ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Pirates kama tunavyouita, na maji yakipwa ule mchanga uliobanana ni mzuri kwa magoti kuliko lami. Uangalie tu saa za maji, kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini, leo ukikuta maji yamekupwa saa moja ya asubuhi usifikiri wiki ijayo utakuta hivyo hivyo, na siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokuja yanakuja kwa haraka. Wa kisiwani wana bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, wana kivuli cha mibuyu, wana upepo wa bahari, na tangu ile sehemu itengenezwe 2019 mzee anaweza kutembea bila kuogopa mashimo. Ukimaliza kutembea unywe dafu lako, ila mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza manake dafu lina potasiamu nyingi.

Pili usalama. Sisi wa Kisauni tunaijua hofu ya vijana wenye panga, siwezi kumwambia mama atoke kiza kwa sababu ya mazoezi. Nendeni kundi. Kuna wamama huku kwetu wanatoka pamoja kukishapambazuka, buibui na raba, simu moja tu kwenye kundi zima, wanaongea njia nzima, na mimi naamini yale maongezi yanawasaidia sawa na miguu. Mmoja aliyefiwa na mumewe alinambia pale ndo mahali pekee anapolia bila watoto kumuona. Ambaye hana kundi azunguke korido ya nyumba, apande ngazi za ploti kule juu wanakoanika nguo, atembee kule huku anapigwa na upepo. Ambaye mguu hautaki kabisa akae azungushe mabega na mikono. Hatua ndogo baada ya kula nazo zina kazi yake, mwenye sukari akitembea kidogo baada ya chakula ile sukari haipandi sana kama akilala hapo hapo.

Naomba niweke na tahadhari manake sitaki barua yangu imdhuru mtu. Kifua kikibana, pumzi zikikatika, kichwa kikizunguka, simama na utafute msaada, usijikaze. Presha ikiwa imefika 180 kwa 120 usianze zoezi, nenda hospitali. Mwenye kisukari asitembee pekupeku hata mchangani, akague nyayo zake jioni, na kama anatumia sindano ya insulini atembee na kitu kitamu mfukoni. Na dawa zisiachwe! Kuna mzee alitembea mwezi mzima akajisikia vizuri akatupa vidonge vya presha, hapana, tembea na umeze, daktari ndo atakayepunguza.

Na kuna uchovu ambao si wa kutembeza. Mtu akiwa hali, halali, hataki kuona watu, anasema bora asiwepo, huyo asiambiwe "nenda ufuoni upunge upepo" ikaishia hapo. Mazoezi mepesi husaidia huzuni na wasiwasi, hilo ni kweli, lakini huyu anahitaji mtu wa kukaa naye na anahitaji matibabu. Aletwe hospitali ya umma iliyo karibu, na namba ya bure ya Msalaba Mwekundu 1199 anaweza kuzungumza na mtu. Zamani watu walificha kwa kuogopa polisi, manake kujaribu kujitoa uhai ilikuwa ni kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu kinapingana na katiba. Familia zisifiche tena. Na wanaume ndo wanaoficha zaidi, nawaona, mtu anakwambia ni malaria tu na macho yanasema jambo lingine.

Wengine wataniuliza na dini je. Wengi ninaowatembelea huniambia dua ndo inayowashikilia na mimi nasema alhamdulillahi, jirani yangu Mkristo ana kwaya yake inayomtoa nyumbani Jumamosi na akirudi uso umefunguka. Havigombani na kutembea. Anayesali misikiti ya mbali kidogo aende kwa miguu, atapata yote mawili.

Nina maombi kwa kaunti na si makubwa. Taa za barabarani kwenye njia za ndani za Kisauni, zile zilizokufa zirudishwe, ili wamama waweze kutembea magharibi bila kushika roho. Viti vichache vya kukalia njiani, manake mzee hatoki nyumbani kama hajui atapumzika wapi. Njia za kwenda baharini zilizozibwa na kuta za watu zifunguliwe, bahari ni yetu sote. Na sehemu za waendao kwa miguu zisiwe za pikipiki na vibanda tu. Wenye vibanda nao wanatafuta riziki, sisemi wafukuzwe, nasema watengewe pao na sisi tuachiwe upana wa watu wawili kupishana.

Kwako Mhariri ombi langu ni kwenye ukurasa wenu wa afya. Mtuwekee picha za watu wa rika letu na mavazi yetu, mama wa miaka 60 na dera lake anainuka kwenye kiti, babu na kikoi chake ameshika ukuta anapandisha visigino, muandike na maelezo kwa herufi kubwa ambazo mtu asiye na miwani atazisoma. Mkifanya hivyo nitazikata nizibandike kwenye milango ya nyumba ninazopita, na zile nyumba zenye mgonjwa wa kitandani nitaandika chini yake kwa kalamu jina la yule anayeshika zamu ili mlezi atoke.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Kisauni, Mombasa